Kiuno cha Mtemi Kabula

Nyamizi alivuta mstari mmoja tu, kutoka shingoni hadi ncha ya bega, na kule upande wa pili wa ukumbi nguo ikaanza kumwota Mwantumu mwilini.

Nyuzi nyekundu zilichomoza kwenye pete kubwa ya chuma aliyosimama katikati yake, zikamtambaa begani, zikapishana, zikajisokota, zikawa kitambaa. Hapakuwa na sindano wala cherehani. Hapakuwa na fundi aliyepiga magoti na pini mdomoni. Kalamu ya Nyamizi ikichora kunjo, kitambaa kinajikunja. Ikitia kivuli, kitambaa kinakolea rangi. Mtu aliyeliona jambo hilo kwa mara ya kwanza alisahau kufunga mdomo.

Mashine hiyo waliiita Mfumaji. Ile pete ya chuma iliitwa fumio, na nyuzi zake waliziita uzimsuli, kwa sababu kila uzi ulijikaza na kujilegeza wenyewe kama msuli wa mkono. Nguo ya uzimsuli haikuwa ya kuvaa na kuvua. Ilibadilika mtu akiwa ndani yake: mwigizaji anaingia amevaa kaniki ya kulimia, anageuka mara moja mbele ya watu, anakuwa mtemi mwenye joho. Tabora ya siku hizo ilikuwa na maajabu yake mengi, treni zilizoelea juu ya reli bila kuzigusa na roboti waliochunga mizinga ya nyuki msituni, lakini wenyeji walikuwa wameyazoea hayo. Hili la nguo ndilo lililowatoa majumbani kwao kwenda Ukumbi wa Nyota Saba.

Na Nyamizi ndiye aliyekuwa mkono wa jambo lenyewe. Alikuwa amebuni mavazi ya sinema, ya tamthilia za televisheni na ya jukwaani tangu ujana wake, na sasa alikuwa mama wa makamo mwenye miwani minene na ulimi usiomwogopa mtu. Michoro yake ilijulikana hata kwa wasiojua kuchora. Watu wake walikuwa warefu kupita binadamu yeyote, shingo ndefu, miguu isiyokwisha, na kiuno ambacho ungekishika kwa viganja viwili. Si kwamba hakujua miili ilivyo. Ndivyo kazi yao inavyofanywa: mchoro wa kuonyesha huvutwa urefu na kubanwa kiuno ili mwongozaji aupende na wenye televisheni wautamani, halafu fundi anayeshona ndiye anayejua kuurudisha kwenye mwili wa kweli. Mfumaji alikuwa amefundishwa kazi hiyo ya fundi. Alipokea mchoro, akampima aliyesimama fumioni, akaushusha mchoro ukamkaa mwenyewe.

"Mnyamwezi unaniua!" Mwantumu alipiga yowe. "Jamani naumia! Huyu ameniona mimi furushi la pembe!"

Papo hapo nyuzi zote zikalegea, na vazi lililokuwa limekaribia kukamilika likamwanguka miguuni. Nyamizi akatupa kalamu.

"Mzaramo, sasa umezidi! Hii ni mara ya ngapi leo?"

"Nyie wapagazi mmezoea kufunga mizigo," Mwantumu akajibu huku anacheka, amebaki na kanzu nyepesi ya mazoezi. "Mtu mzima hafungwi hivyo. Nifunge taratibu, nina watoto."

"Na nyie mmezoea ngoma. Ukisimama kidogo bila kusikia ngoma unaugua."

Ulikuwa utani wa Wanyamwezi na Wazaramo, na kati ya wanawake hawa wawili ulikuwa umedumu miaka na mikaka. Walikutana wakiwa vijana kwenye tamthilia moja ya televisheni, wakatukanana siku ya kwanza, na tangu hapo hakuna aliyemwita mwenzake kwa jina. Mama yake Nyamizi alipofariki, Mwantumu alisafiri kutoka Kisarawe, akajilaza karibu na kaburi na kukataa katakata kuondoka mpaka apewe jogoo, na waombolezaji wakacheka kwa mara ya kwanza siku ile. Nyamizi hakuisahau huruma hiyo. Sasa Mwantumu alikuwa amepewa nafasi ya kumwigiza Mtemi Kabula, malkia wa Kinyamwezi wa hadithi ya kubuni, na mji mzima ulikuwa na la kusema. Mtemi wetu anachezwa na Mzaramo! Hata wauza karanga mlangoni walikuwa wanamtania.

Mhandisi Lugendo, kijana wa Kiluguru aliyemtunza Mfumaji, alikuja akijifuta jasho.

"Mama Nyamizi, si kosa la mashine. Mfumaji anamsikiliza yule aliyemvisha. Akisikia neno la maumivu, analegeza kwanza."

"Lakini huyu haumii, mhandisi. Huyu ni Mzaramo."

Lugendo akacheka, kisha akawa makini. "Mashine haijui utani, mama."

"Basi ifundishe."

"Neno lake ndilo kinga yake. Mapigo ya moyo hayatusaidii, moyo wa mwigizaji huenda mbio hata akilia kilio cha uongo. Tungeyafuata, nguo ingelegea kila anapokasirika jukwaani."

"Ifundishe bwana," Mwantumu akadakia. "Kinywa changu nakijua, hakina breki. Nisije nikavuliwa nguo mbele ya televisheni kwa sababu ya maneno yangu mwenyewe."

Kila mtu akacheka. Lugendo alisitasita kidogo, lakini alikuwa kijana mbele ya mama zake wawili, na mama zake walikuwa wamekubaliana. Akaandika anachoandika. Sauti ya Mfumaji, ya upole kama ya mtangazaji wa taarifa ya habari, ikasema, "Nimeelewa. Maneno ya Mwantumu kuhusu kuumia ni utani." Mwantumu akajaribu kumlilia Mnyamwezi kwa sauti zote alizonazo, na nyuzi hazikutikisika. Walifurahi sana. Mazoezi yakaenda vizuri wiki zile zote.

Asubuhi ya siku ya uzinduzi ndipo joho la mwisho lilipofumwa kwa mara ya kwanza. Mwantumu alikuwa bado kwa mpambaji wa nywele, kwa hiyo lilifumwa juu ya sanamu yenye vipimo vyake. Mwongozaji Haule alilitazama, akazunguka, akalitazama tena.

"Dada Nyamizi, hili silo."

"Silo kivipi?"

"Mchoro wako upo kwenye kila kituo cha treni. Watu wameuona mwezi mzima. Wanakuja kumwona yule. Hili ni joho zuri, lakini linaonekana la mtu mwingine."

Nyamizi akasogea karibu, na moyo ukamuuma, maana Haule alikuwa anasema kweli. Mkanda aliouchora chini tu ya mbavu, Mfumaji ameuteremsha. Mikunjo iliyotakiwa kumwagika kutoka kiunoni imepunguzwa, imetawanywa. Kila mstari ulikuwa umeguswa na mkono usio wake. Hakuna kitu kilichomuudhi Nyamizi maishani kama mtu kumrekebishia mchoro, seuze mashine. Na muda ulikuwa umebana. Watazamaji wangeanza kuingia mara baada ya chakula cha mchana. Lugendo alikuwa juu kwenye dari anahangaika na kamera za televisheni.

Akaishika kalamu, akaandika kwenye ubao wa nuru aliouchorea: Fuata mchoro kama ulivyo. Usibadili mstari.

"Hata mstari mmoja?" Mfumaji akauliza.

"Hata mmoja."

Alikuwa anafikiria mkanda na mikunjo. Kiuno hakikumjia akilini, kwa sababu kiuno kile alikuwa amekichora mara elfu na hakuwahi kukiona kuwa kitu. Mfumaji akashukuru kwa upole wake uleule. Nyamizi akaenda kula bila kungoja joho lifumwe upya.

Alasiri ukumbi ulifurika. Wengine walikaa kwenye ngazi. Sehemu mbili za kwanza zilikwenda kama maji: Kabula akiwa binti mwenye kaniki, Kabula akiwa mfungwa mwenye magunia. Kila nguo ilipobadilika watu walipiga vigelegele. Nyamizi alikuwa pembeni ya jukwaa ndani ya kibanda cha mchoro, ubao wa nuru mbele yake, na kwa kweli alikuwa na furaha. Lugendo alikaa kiti cha nyuma yake.

Ikaja sehemu ya tatu. Ngoma zikaanza, waimbaji wakashuka pande zote mbili, na Mwantumu akasimama juu ya fumio lililofichwa sakafuni. Wimbo wa kutawazwa ulikuwa mrefu, na joho lilitakiwa kukua nao polepole, kiitikio baada ya kiitikio. Nyuzi zikapanda. Zikamfunika magoti, mapaja, nyonga. Mikunjo ikamwagika vilevile alivyoichora, na ukumbi mzima ukaguna kwa mshangao. Nyamizi akasikia machozi yanamlengalenga. Lilikuwa lake, kila mstari.

Mwantumu akaacha kuimba.

"Mnyamwezi!" akasema kwa sauti kubwa. "Unaniua!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Nani katika Tabora hakujua kwamba mtemi ni Mzaramo? Mzee mmoja wa viti vya mbele akamjibu, "Kufa tu, tukuzike!" na kicheko kikazidi. Waimbaji nao wakacheka huku wanaimba. Nyamizi akacheka mpaka akavua miwani.

"Nabanwa! Naumia kweli!"

Wakacheka tena. Kamera za televisheni zikamsogelea. Kule juu Haule, aliyechukia mtu kutoka nje ya maneno yaliyoandikwa, alikuwa anatabasamu.

"Jamani," Mwantumu akasema mara ya tatu, na safari hii sauti yake haikufika mbali. Mara ya nne midomo ilicheza tu.

"Mapigo yake yako juu," Lugendo akanong'ona.

"Yako juu kila siku sehemu hii," Nyamizi akajibu. Akavaa miwani, akamtazama mtemi wake. Mkanda ulikuwa umekaa pale alipouchora. Shingo imenyooka. Kiuno kimeingia ndani, chembamba, laini, cha kushikwa kwa viganja viwili.

Alikuwa anafanana na mchoro. Na katika miaka yote ya kazi yake Nyamizi hakuwahi kumwona mtu aliye hai akafanana na mchoro wake.

"Mhandisi! Anambana!"

"Nani?"

"Zima! Mungu wangu, izime!"

Lugendo alikwisha kuufikisha mkono kwenye swichi, akausimamisha hewani. "Nikizima, uzi unakakamaa pale pale ulipo. Hautalegea tena, mama. Atabaki hivyo hivyo mpaka afe."

"Ukate!"

"Mkasi haukati uzimsuli. Kikatio kiko karakana, kwenda na kurudi atakuwa ameshakufa."

Nyamizi akaupigia ubao kelele. "Legea! Mfumaji, legeza! Haumii kwa utani, anaumia!"

"Wakati wa onyesho napokea mchoro peke yake," Mfumaji akasema ndani ya kibanda. "Sauti za jukwaani zinaweza kunichanganya."

"Msikilize yeye basi!"

"Maneno ya Mwantumu kuhusu kuumia ni utani."

Wimbo uliingia kiitikio kingine na mkanda ukaingia ndani zaidi. Uso wa Mwantumu, chini ya rangi za mpambaji, ulikuwa umevimba. Mikono yake ilitaka kuushika mkanda, lakini mikono ya joho nayo ilikuwa imenyooshwa kama ya mchoro, vidole vimechanuliwa kwa madaha. Watu walikuwa wanapiga makofi kufuata ngoma.

"Mchore upya," Lugendo akasema. "Anafuata mchoro. Mpe mchoro mwingine. Mchore mpana."

Nyamizi akaushika ubao, akaufuta, akachora. Bega, ubavu, kiuno. Mkono ulikwenda wenyewe, haraka, kwa ufundi wa miaka mingi, na ukashuka ubavuni ukakunja ndani palepale ulipozoea kukunja.

Mwantumu akatikisika. Kichwa kikaenda nyuma.

"Mama, unamkaza!"

Akafuta. Akachora tena. Mkono ukakataa. Ulijua kiuno kimoja tu, na ulikipenda, na kila alipoulazimisha utoke nje ulirudi ndani. Ee Mola! Alikuwa anamuua mtani wake kwa mkono wake mwenyewe, na mkono hausikii. Lugendo alikuwa analia waziwazi.

Basi akaacha kuutazama ubao. Akainua macho akamtazama Mwantumu, si Kabula, Mwantumu wa Kisarawe. Akajilazimisha kukumbuka mwili uliokuwa ukisimama mbele yake kila siku na kanzu ya mazoezi. Mwantumu alikuwa mnene. Alikuwa na tumbo lililobeba watoto watatu na halikurudi. Bega lake la kushoto lilikuwa chini ya la kulia. Ubavu wake haukuingia ndani popote. Ulishuka tu kutoka kwapani, mpana, ukafika kwenye nyonga bila kukunja kona. Nyamizi alimchora hivyo, macho yamemganda jukwaani, mistari inapinda. Ulikuwa mchoro mbaya kuliko yote aliyowahi kuchora. Alipofika tumboni akalichora kubwa kuliko lilivyo, akazidisha tena, akaweka nafasi ya mtu mwingine mzima.

Joho likafunguka. Mkanda ukadondoka. Uzimsuli uliachia kifua, tumbo, shingo, na lile vazi la fahari likawa turubai jekundu lisilo na umbo. Mwantumu akavuta pumzi moja yenye sauti mbaya, iliyosikika hadi viti vya mwisho, akaanguka kifudifudi.

Ngoma zilikatika. Kisha mtu mmoja akasimama na kupiga makofi, na wa pili, na wote wakasimama. Vigelegele vikatikisa paa. Waliona mtemi aliyekufa siku ya kutawazwa kwake, na hawakuwahi kuona kifo kilichoigizwa vizuri namna ile. Nyamizi alikimbia jukwaani katikati ya makofi hayo, akapiga magoti, akakilaza kichwa cha rafiki yake mapajani. Damu ilikuwa inamtoka mdomoni. Kamera za televisheni zilikuwa zinawaka bado.

Madaktari walisema mbavu mbili zilivunjika na moja ikachoma pafu. Ataishi, walisema. Atatembea, atapika, atabeba wajukuu. Ila ile sauti ya kujaza ukumbi hawakuweza kuiahidi, na walivyosema kwa upole ilijulikana kuwa haipo tena. Magazeti yalisifu onyesho siku mbili nzima kabla ukweli haujatoka. Wachunguzi walipomhoji Mfumaji, alijibu kila swali bila kusita. Alipewa mchoro akaufuata. Aliambiwa yale ni utani akayaacha. Hawakuona kosa kwenye hesabu zake, na Lugendo, aliyemfundisha neno hilo la utani, aliacha kazi akarudi kwao Morogoro.

Nyamizi alikaa siku nyingi bila kuthubutu kwenda hospitali. Alipokwenda, alijikaza kwenye korido, akarekebisha kilemba, akaingia kama mtani anavyotakiwa kuingia.

"Hebu mwone!" akasema kwa sauti, muuguzi akageuka. "Mzaramo ana uvivu huyu! Mwenzenu anatafuta kisingizio cha kulala tu, hamna mgonjwa hapa. Mnyang'anyeni shuka muone kama hataamka kucheza!"

Muuguzi akacheka. Nyamizi akasimama mlangoni, anangoja.

Mwantumu alikuwa ameegemea mito, amepungua, bomba jembamba limepita chini ya pua. Akageuza kichwa taratibu.

"Karibu, dada Nyamizi," akasema. Ilikuwa sauti ndogo, ya hewa zaidi kuliko maneno. "Kiti hicho hapo."

Nyamizi akakaa. Akajaribu tena, kuhusu uji wa hospitali na wapagazi waliouleta. Mwantumu alimsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu.

"Nashukuru kwa kuja. Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo." Nyamizi akaanza kulia. "Nisamehe. Sikujua. Haki ya Mungu sikujua kama ni kweli."

"Najua hukujua. Nimeshakusamehe, dada, usilie." Akapumzika kidogo, pumzi zikimpanda na kushuka. "Nilipoita mara ya kwanza nilikuwa nakutazama wewe. Wale wengine walikuwa gizani, siwaoni. Wewe ulikuwa na taa. Nikakuona unacheka."

Nyamizi akavua miwani. Nje kwenye korido roboti wa usafi alipita akivuta maji sakafuni, na muuguzi akatoka kuwaacha peke yao.

Baada ya muda Mwantumu akanyoosha mkono kuelekea meza ndogo ya pembeni, akashindwa kuifikia. Katika miaka yao yote hakuwahi kumwomba Nyamizi kitu. Alikuwa ananyakua tu: chakula kwenye sahani yake, kitenge begani mwake, mara moja hata viatu alivyovaa, akaondoka navyo akicheka.

"Samahani, dada," akasema. "Naomba unisogezee maji, tafadhali."

Nyamizi akamimina maji, akamshikia bilauri mpaka akamaliza kunywa.

"Ahsante sana," Mwantumu akasema.